Bei ya bastola hufuata njia

Riruta Satellite hakuna duka la bastola, mpya wala kuukuu. Kihalali lazima upite Bodi ya Leseni za Silaha. Lakini kuna soko jengine, la gizani, na bei yake hufuata umbali: karibu na mpaka wenye vita silaha ni rahisi, ikifika Nairobi imeshapanda.

Novemba 2016, kule Ngong, serikali ilichoma silaha 5,250. Vyema. Lakini zikipungua mjini na mpaka ukabaki wazi, bei hupanda, na mlanguzi hupata sababu ya kuleta nyingine.

Sisi wa Pwani twajua. Likoni, Agosti 1997, bunduki ziliporwa kituoni mwa polisi. Wavamizi hawakutoa hata senti. Gharama tuliilipa sisi, kwa roho za watu.