Soya ni Chakula Bora, Lakini Si Maziwa

Swali ambalo walimu wa hapa Magunga wameniuliza mara si haba ni hili: je, kikombe cha soya chaweza kuchukua nafasi ya kikombe cha maziwa? Ni swali zito, kwani mzazi mwenye kipato kidogo hununua kimoja tu.

Kwa upande wa protini, kinywaji cha soya kisichozimuliwa hukaribia maziwa ya ng'ombe. Aidha, humfaa mtu ambaye tumbo lake husokotwa na sukari ya maziwa, ingawa wengi wa hao huyavumilia maziwa ya mala.

Hata hivyo, gramu 100 za maziwa ya ng'ombe zina takriban miligramu 120 za kalsiamu. Soya iliyosagwa na kuchemshwa nyumbani ina kiasi kidogo tu, wala haina vitamini B12. Viwanda vingine huviongeza; vingine haviongezi. Isitoshe, soya isiyoiva huutatiza mwili kusaga protini.

Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa katika shule zetu za msingi mwaka 1979, yalikoma zamani. Rai yangu basi ni hii: jina "maziwa ya soya" lisituhadae. Penye uhaba wa maziwa, tuwape wanafunzi soya iliyoiva vyema pamoja na omena wa ziwa letu, ambao huliwa na mifupa yao, na humo ndimo ilimo kalsiamu. Ama mtoto asiyetimiza mwaka, si soya wala ng'ombe awezaye kushika nafasi ya ziwa la mama.