Kipande cha wimbo wa zamani kina mwenyewe

Mzazi wa Kitui au Makueni wa siku hizi huenda akapita nje ya chumba cha kijana wake jioni na kusikia gitaa analolifahamu vyema. Ni gitaa la enzi zake, la bendi iliyomfanya atoke jasho ukumbini akiwa kijana. Lakini gitaa hilo halifiki mwisho wa wimbo. Linalia sekunde nne, linarudi mwanzo, linalia tena, na chini yake kuna ngoma nzito ambazo bendi hiyo haikuwahi kuzipiga. Mzazi hudhani kanda imekwama. La, haijakwama. Kijana yuko kazini.

Kazi hiyo ndiyo tutakayoizungumzia Jumapili hii, kwani inahusu fedha na jina la familia, na wazazi wengi hawaijui inavyokwenda.

Kipande kile cha sekunde nne huitwa sampuli. Ni neno lile lile la mkulima anayempelekea mnunuzi pojo kiganjani kabla ya kufungua gunia. Kijana huchukua kidogo kutoka wimbo fulani, akakikata, akakizungusha, akakiwekea ngoma na besi, na mwishowe akapata biti ya kuimbia. Zamani kazi hii ilihitaji mashine za bei kubwa kama Akai MPC60 iliyotoka mwaka 1988, ambayo kijana wa Mutomo au Kathonzweni angeiona katika picha tu. Mwaka 1997 kampuni moja ya Ubelgiji ilitoa programu ya FruityLoops, ambayo leo huitwa FL Studio, na mambo yakabadilika. Sasa kompyuta ya mitumba na spika mbili zinatosha kuanzia.

Wenzetu hawakungoja. Mnamo miaka ya 1990 Hardstone aliwachangamsha Wakenya kwa wimbo "Uhiki", ambao uliuchanganya muziki wa Marvin Gaye na wimbo wa kiasili wa Kikuyu, chini ya mtayarishaji Tedd Josiah. Huko Dar es Salaam, mafundi wa singeli huchukua vipande vya taarabu na kuviharakisha hadi vinapita mapigo 200 kwa dakika. Bibi aliyekuwa akiitikisia taarabu hiyo kichwa taratibu akiisikia leo huenda asiitambue.

Ukambani una hazina kubwa zaidi, nami nasema hivyo bila upendeleo. Wimbo wa Kikamba wa miaka ya 1970 na 1980 una gitaa moja linaloshika chini na jingine linalopanda juu kabisa, likikimbia na kujaza kila pengo ambalo mwimbaji ameliacha. Wasikilize Kilimambogo Brothers wa Kakai Kilonzo, au Lower Mbooni Boys, au sauti nyembamba za Kalambya Sisters waliovuma na "Katelina". Mahali popote utakapokata utapata kitu kitamu.

Utamu huo hata hivyo haukatiki kirahisi. Bendi za zamani hazikufuata saa ya mashine. Wimbo ulipochangamka, nazo zilienda mbio kidogo, na ukiweka ngoma za kompyuta juu yake vitu hivyo viwili vinaachana baada ya muda mfupi. Tena magitaa yalilinganishwa yenyewe kwa yenyewe, si kwa kinanda, na kanda iliyozunguka haraka kidogo hupandisha sauti. Kinanda kikiingia hapo ni ugomvi mtupu. Fundi mzuri hukata pigo moja moja, akalinyoosha au kulifupisha, kisha akashusha sauti kidogo kidogo mpaka vielewane. Shida ya kumtenganisha mwimbaji na gitaa imepungua tangu mwaka 2019, kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilipotoa bure programu ya Spleeter inayochambua sauti za watu na za ala. Lakini sikio bado ni la binadamu. Kwa hiyo, mzazi, usiseme kijana huyo anacheza tu. Kuna fundi cherehani anayefanya kazi nyepesi kuliko hiyo.

Sasa tuje kwenye shina la jambo. Gitaa lile ni la nani?

Vijana wengi huambiana kwamba ukichukua chini ya sekunde saba hakuna ubaya. Wengine husema tano. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haitaji sekunde zozote. Inachouliza ni kama umechukua sehemu muhimu ya kazi ya mtu, na mlio wa gitaa ambao kila mtu anautambua baada ya mapigo mawili ni muhimu. Huko Ujerumani, bendi ya Kraftwerk ilishtaki kwa ajili ya kipande cha sekunde mbili hivi kilichotumiwa mwaka 1997. Kesi hiyo ilizunguka mahakamani kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba kipande kinachotambulika kwa sikio kinahitaji ruhusa.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba wimbo mmoja una haki mbili. Kuna haki ya aliyeutunga, na kuna haki ya rekodi, ambayo mara nyingi ni ya mtayarishaji aliyelipia studio. Ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Ya rekodi hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Chukua mfano wa Kakai Kilonzo. Alifariki mwaka 1987, kwa hivyo nyimbo alizozitunga zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2037. Santuri yoyote iliyorekodiwa Kenya mwaka 1974 ilimaliza miaka yake 50 mwishoni mwa 2024, lakini ikiwa mtunzi wake alikuwa hai miaka ya baadaye, utunzi bado una mwenyewe. Kijana akikwambia, "Mama, wimbo huu ni wa zamani, hauna mtu," mwambie ahesabu tena.

Kwa nini tusumbuke na hesabu hizi? Kwa sababu nyuma ya santuri hizo kuna nyumba za watu. Wanamuziki wengi wa benga waliokuwa wakirekodi River Road, Nairobi, walipewa kitita kimoja mkononi na kurudi nyumbani, na santuri zikaendelea kuuzwa bila wao. Wapo waliozeeka bila chochote, na wapo wajane wanaosikia sauti ya marehemu redioni wakiwa na jembe begani. Hilo si letu peke yetu. Huko Marekani, mpiga ngoma Gregory Coleman alipiga kipande cha sekunde chache katika wimbo wa The Winstons wa mwaka 1969 ambacho kimechukuliwa na maelfu ya wanamuziki duniani. Alifariki mwaka 2006 akiwa hana makao. Kijana wa Kitui anayechukua gitaa la mzee wa Mbooni bila kuuliza anamfanyia mzee huyo yale yale ya River Road kwa mara ya pili, na safari hii mwizi ni mtoto wa nyumbani.

Wapo wanaokwepa haya yote kwa kununua biti zilizo tayari kutoka ng'ambo. Hapa pia kuna mtego. Biti ya bei nafuu mara nyingi hukodishwa tu, na watu wengine mia wanaweza kuikodi hiyo hiyo. Tena hujui aliyeitengeneza aliikata wapi. Mwimbaji Lil Nas X alinunua biti kwa dola 30 kutoka kwa kijana wa Uholanzi anayeitwa YoungKio, akaimbia "Old Town Road". Ndani ya biti hiyo mlikuwa na kipande cha bendi ya Nine Inch Nails ambacho hakikuwa kimeombwa. Wimbo ulipovuma mwaka 2019, ukikaa kileleni mwa chati ya Billboard wiki 19, ilibidi wenye kipande waandikwe kama watunzi na wapate fungu lao. Yeye alikuwa na kampuni kubwa ya kumtatulia. Msanii wa Wote asiye na kampuni huamka tu na kukuta wimbo wake umefungwa YouTube, au mapato yake yanaenda kwa mtu asiyemjua, maana mtandao huo una mtambo wa kutambua vipande bila kuulizwa na mtu.

Na hata zikiwa halali, biti hizo zote hulia namna moja. Mtu anaimba Kikamba safi juu ya makofi yaliyorekodiwa Atlanta. Binafsi nachoka.

Ipo njia ambayo nashangaa haitumiwi zaidi. Ukambani bado una wapiga gitaa walio hai, tena si wachache. Kila Jumamosi wako harusini na katika vilabu vya Emali, Kibwezi na Mwingi. Mlipe mmoja saa mbili akupigie mlio mpya kwa mtindo ule wa zamani. Hapo huna deni la rekodi wala la utunzi, mradi mlio uwe mpya kweli. Akipiga ule ule wa zamani, la rekodi limeondoka lakini la mtunzi limebaki. Wale vijana wa Marekani wa Sugarhill Gang walipigiwa upya muziki wa bendi ya Chic mwaka 1979, na bado watunzi wake, Nile Rodgers na Bernard Edwards, ilibidi waandikwe.

Au toka nje na kinasa sauti. Kengele za mbuzi, filimbi za wachezaji, mchi kwenye kinu cha susu, yote ni ala. Joseph Kamaru, anayejulikana kwa jina la KMRU, mjukuu wa mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu Joseph Kamaru, amejijengea jina hadi Ulaya kwa kurekodi sauti za mazingira na kuzifanya muziki.

Lakini angalia ngoma ya kilumi. Hiyo ni ya wazee wa kike, ina mambo ya mizimu na mvua, na katika nchi kavu kama Kitui mvua si mzaha. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi inasema sanaa kama hiyo ni ya jamii, na anayetaka kuitumia kibiashara nje ya mila apate ridhaa yao kwanza na wagawane faida. Hata bila sheria, mtu hawezi kumrekodi mama wa watu akiwa katika hali ile, halafu amweke kwenye wimbo wa pombe.

Kuomba ruhusa si kazi ya wakili pekee. Kama una santuri yenyewe, soma karatasi ya katikati: utakuta jina la mtunzi na la mtayarishaji. Ulizia katika vyama vya wanamuziki vinavyokusanya mirabaha, au Halmashauri ya Hakimiliki, KECOBO. Kisha nenda nyumbani kwa mzee au kwa mjane wake, na si mikono mitupu. Andikeni karatasi moja inayosema ni kipande kipi, jina lake litaandikwa wapi, na fungu lake ni kiasi gani kwa kila njia ya mapato. Msisahau milio ya simu: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, fungu la wenye wimbo katika mapato hayo halipaswi kupungua asilimia 52, na hilo ndilo mtakaloligawana. Kila mmoja atie sahihi na abaki na nakala.

Na ikiwa mzee huyo ni baba yako mwenyewe, muulize leo alirekodi mwaka gani, studio ipi, nani alishika gitaa la pili na nani alitunga maneno. Andika katika daftari la mtoto wa shule kama huna jingine, pamoja na majina ya vijiji, kwa kuwa majina ya bendi yalibadilika sana na wenzake wengine huenda wako Mtito Andei wakiuza duka, bila kujua kwamba gitaa lao linazunguka tena.