Ukiondoka, kabidhi zamu kama Msamaria mwema

Fika katika kitengo cha dharura cha hospitali yoyote kubwa saa moja asubuhi, nawe utaona jambo ambalo wengi wetu hatulitambui. Wauguzi wa zamu ya usiku wamechoka. Miguu imewavimba, na nyumbani kuna watoto wa kutayarishwa kwenda shule. Hata hivyo, hakuna anayebeba mkoba wake na kuondoka tu. Kila mmoja anasimama kando ya kitanda pamoja na mwenzake wa mchana na kumweleza: huyu aliletwa saa nane usiku baada ya ajali ya bodaboda, dawa ya maumivu alipewa saa kumi, damu imeagizwa lakini haijafika, jamaa zake bado wanatafutwa. Wakimaliza hapo, wanasonga hadi kitanda kinachofuata.

Huko ndiko kukabidhi zamu. Muuguzi anaweza kufanya kazi usiku kucha bila kuketi, lakini akiondoka bila kukabidhi, amemwacha mgonjwa hatarini.

Nimelifikiria jambo hilo wiki nzima kwa sababu ya dada mmoja wa kanisani kwetu. Amekuwa muuguzi wa dharura kwa miaka 12. Baada ya ibada alisubiri watu watoke, akaja kuketi nami kwenye benchi la nyuma. Aliniambia kwamba amefaulu mitihani, hospitali moja ya Uingereza imemhoji kwa njia ya video, na sasa barua ya kazi imefika. Hapa nyumbani ana mume, watoto wawili, na mama mzazi anayeugua kisukari. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mchungaji, nikienda nitakuwa nimetenda dhambi?"

Nilimuuliza aliyemtia swali hilo moyoni. Akasema alipomweleza mama mmoja wa kikundi cha maombi, mama alipiga vigelegele: Mungu amefungua mlango, ingia, usiulize maswali. Alipomweleza mzee mmoja wa kanisa, mzee alitikisa kichwa: mnawaacha wagonjwa wetu wafe kwa sababu ya pauni. Watu wawili, kanisa moja, siku moja. Mmoja alimfanya shujaa, mwingine akamfanya msaliti. Hakuna aliyemuuliza amelalaje.

Ndugu yangu, kabla hatujamhukumu muuguzi anayeondoka, tukumbuke alikotoka. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali zetu za umma waligoma kwa takriban miezi mitano, kuanzia Juni hadi Novemba, wakidai malipo waliyoahidiwa. Tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti mwaka 2013, hata muuguzi anayetaka tu kumfuata mumewe katika kaunti nyingine hujikuta akibisha hodi ofisi nyingi. Na nchi yetu ina kitendawili cha uchungu: wodi zina upungufu wa wauguzi, huku mitaani kukiwa na wauguzi waliohitimu wasio na ajira. Ndiyo maana Julai 2021 Kenya na Uingereza zilipotia saini makubaliano kuhusu wahudumu wa afya, walengwa walikuwa wale wasio na kazi. Lakini yule mwenye uzoefu, anayejua la kufanya mtu anapoletwa akiwa hapumui, naye anatafutwa. Huyo ndiye pengo lake huonekana usiku huohuo.

Kwa hiyo mzee wetu hakukosea kuwahurumia wagonjwa. Alikosea kumtwika mzigo wote mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2010 kanuni kuhusu kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi nyingine. Kanuni hizo zinakiri kwamba mhudumu ana uhuru wa kuhama, na papo hapo zinazihimiza nchi zinazoajiri zisiende kuvuna wahudumu katika nchi zenye upungufu mkubwa. Wenye kuajiri huko wana wajibu wao. Wenye kulipa mishahara hapa nao wana wao. Sasa tumuulize Bwana: wajibu wa anayeondoka ni upi?

Fungua pamoja nami Luka 10, kuanzia mstari wa 30. Ni habari tunayoijua tangu shule ya Jumapili. Mtu alishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, wanyang'anyi wakampiga na kumwacha karibu kufa. Kuhani akapita kando. Mlawi naye akapita kando. Msamaria akasimama. Tumezoea kuhubiri jinsi Msamaria alivyosimama. Leo tutazame jinsi alivyoondoka.

Maana aliondoka! Luka anasema alikuwa safarini. Alikuwa na mahali pa kwenda, na Yesu hatuambii ni wapi wala ni kwa sababu gani. Alisafisha majeraha kwa mafuta na divai, akayafunga, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni na kumwuguza mwenyewe. Hiyo ilikuwa zamu yake ya usiku. Siku ya pili akashika njia. Yesu hamlaumu hata kidogo. Badala yake anatuambia twende tukafanye vivyo hivyo.

Hebu lifikirie hili vizuri. Kuhani aliendelea na safari, Mlawi akaendelea, na Msamaria akaendelea. Wote watatu hawakubaki pale. Kilichowatenganisha ni hali ya mgonjwa nyuma yao. Wawili walimwacha barabarani. Mmoja alimwacha mikononi mwa mtu.

Tena alikabidhi kama muuguzi hodari. Alitoa dinari mbili, na tukisoma Mathayo 20 tunajua dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Alitoa maagizo: mtunze huyu. Na alitoa ahadi: kikizidi chochote, nitakulipa nitakaporudi. Fedha, maagizo na ahadi ya kurudi. Ndipo akaondoka, na dhamiri yake ikaondoka pamoja naye.

Basi wewe unayetafuta kazi mbali, uwe muuguzi, mwalimu au fundi, usijiulize tu kama mlango umefunguka. Jiulize pia: nitamkabidhi nani nilichokuwa nimeshika?

Anza na kazi yenyewe. Muuguzi wa miaka 12 ana kitu ambacho hakimo katika vitabu. Mlangoni wameketi watu 20, wote wanalia, naye anamtazama yule mmoja aliyenyamaza na kusema, huyu aingie kwanza. Ujuzi huo utaondoka nawe usipomwachia mtu. Mchukue muuguzi kijana, simama naye kila zamu katika miezi iliyobaki, mwambie unaona nini na kwa nini. Toa ilani kama mkataba wako unavyodai. Usichukue likizo ukijua hutarudi, wenzako wakagundua kwa kutazama picha zako za uwanja wa ndege.

Kisha jamaa yako. Hapa wengi wetu huficha uzembe nyuma ya imani. Tunasema, "Mama nimemwachia Mungu." Vyema, lakini Mungu atamtuma nani ampeleke kliniki? Nani ataangalia kama sindano ya insulini imepigwa kwa wakati? Yesu mwenyewe, akiwa msalabani katika maumivu makali, hakumwachia mama yake baraka za jumla. Soma Yohana 19, mstari wa 26 na 27. Alimkabidhi kwa mwanafunzi aliyesimama pale, na tangu saa hiyo mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Ikiwa Mwokozi alimkabidhi mama yake kwa mtu anayejulikana, wewe ni nani hata umwachie mama yako hewa? Na mume au mke wako, na watoto, waambie ukweli kuhusu muda. Usiahidi watakufuata baada ya miezi mitatu ikiwa hujui.

Tena uhesabu gharama, kama Bwana alivyofundisha katika Luka 14 kuhusu mtu anayetaka kujenga mnara. Dada yetu alijua kwamba akifika Uingereza atafanya mtihani wa vitendo wenye vituo kumi mbele ya watahini: ampime mgonjwa, apange huduma, aitekeleze na kuitathmini, mambo ambayo hapa yeye ndiye huwafundisha wengine. Akisajiliwa, ataanzia daraja la tano la mishahara, ambalo ndilo la muuguzi aliyetoka chuoni jana. Aliyekuwa akiitwa usiku na madaktari wampe ushauri ataulizwa kama anajua kupima shinikizo la damu. Inauma. Afadhali uchungu huo uuonje ukiwa bado nyumbani, katika maombi, kuliko kuukuta kule ukiwa peke yako wakati wa baridi.

Na ukiwa katika kutafuta, usiwe mjinga kwa kisingizio cha imani. Kanuni za Uingereza za kuajiri wahudumu wa afya zinakataza mawakala kumtoza muuguzi ada ili apatiwe kazi. Wakala akikudai fedha nyingi akuunganishe na mwajiri, huo si mlango uliofunguliwa na Mungu, hata kama anaanza mkutano kwa sala. Hakikisha kwamba amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Soma mkataba hadi mwisho, hasa sehemu inayosema utarudisha kiasi gani ukiacha kazi mapema. Na katika wasifukazi wako, usiongeze mwaka hata mmoja ambao hukufanya kazi. Katika kitengo cha dharura, uongo wa karatasi unaweza kumwua mtu.

Sasa nigeuke kwetu tunaobaki, kwa sababu katika habari hii kuna mtu tunayemsahau kila mara: mwenye nyumba ya wageni. Bila yeye, Msamaria angekabidhi kwa nani? Mpendwa msomaji, kanisa ndilo nyumba hiyo ya wageni. Dada yetu akiondoka, mama yake yumo katika jumuiya yetu. Watoto wake wamo katika shule yetu ya Jumapili. Je, tumeyapokea maagizo? Au tumesubiri dinari tu?

Tuseme ukweli. Tunapomwaga mtu anayekwenda ng'ambo, tunamwimbia, tunamwekea mikono, tunachanga nauli. Miezi sita baadaye tunampigia simu kuhusu paa la kanisa, harambee ya kijana fulani, ada ya binamu. Hatumuulizi kama amepata kanisa la kuabudu. Hatumuulizi alilia usiku gani. Tumemgeuza ndugu yetu kuwa benki, kisha tunashangaa anapoacha kupokea simu. Mwenye nyumba ya wageni alipokea dinari mbili na kazi ya kufanya. Sisi tunataka dinari na kumwachia yeye kazi.

Na wale wauguzi waliobaki? Kila Jumapili tunasikia ushuhuda wa aliyepata viza. Ni lini tulisikia ushuhuda wa muuguzi aliyekaa miaka 20 katika hospitali ileile ya wilaya, akifunga majeraha ya watu ambao hawatajua jina lake? Kubaki pia ni wito. Asiyeondoka si mtu ambaye Mungu amemsahau. Safari hii mwite mbele, mwombee naye.

Nilimjibu dada yetu kwamba simwoni kama mwenye dhambi, ila bado simwoni kama aliyemaliza zamu. Alinyamaza kwa muda. Kisha akatazama saa, akasema anaingia kazini jioni, akaenda zake. Nilihofu kwamba nimemuumiza.

Wiki iliyofuata alirudi. Alikuwa amemwandikia mwajiri kumwomba asogeze mbele tarehe ya kuanza kwa miezi miwili, nao wakakubali. Katika muda huo anamfundisha muuguzi mdogo kuliko wote katika zamu yake. Mdogo wake wa kiume, ambaye hakuwahi kumpeleka mama kliniki, sasa amempeleka mara mbili na amejifunza kupiga sindano. Mama mwenyewe bado analia jioni. Dada naye bado halali vizuri. Kukabidhi hakuondoi machozi. Paulo alipoagana na wazee wa Efeso katika Matendo 20, aliwaeleza yote, akawaweka mikononi mwa Mungu, na bado walimwangukia shingoni wakalia sana. Lakini walilia wakijua la kufanya siku ya kesho yake.

Ikiwa barua yako ya kazi imefika, au ndiyo unaiombea leo, nenda kwa amani kama Mungu anakutuma. Lakini kabla ya kubeba mkoba, zunguka kitanda kwa kitanda. Na wewe unayebaki, simama karibu naye, sikiliza maagizo, kisha upokee zamu.