Sumu Barabarani, Sheria Kabatini

Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Moto ukateketeza watu zaidi ya 100. Lawama zikatupiwa maskini waliochota mafuta. Desemba 2016 huko Karai, Naivasha, lori la kemikali lililipuka, likaua watu wapatao 40 waliokuwa safarini. Je, hao walichota nini?

Tusimsingizie Mungu. Sheria zipo: tangu 2006 hata taka haisafirishwi bila leseni ya NEMA. Lakini sheria isiyosimamiwa ni karatasi tu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi tudai hadharani orodha ya leseni, shehena na njia zake. Barabara ni ya umma. Hatari yake isiwe siri ya wachache.