Watoto wa Baridi, Jua la Nyumbani

Mpenzi msomaji uliye ughaibuni, Desemba inabisha hodi. London giza linaingia kabla ya saa kumi jioni, watoto wamejikunyata ndani kama vifaranga, na wewe na mwenzio mmeshaanza kupiga mahesabu ya tiketi. Safari hii mnawaleta wanenu Bongo wakaonje jua. Hongereni! Ila kabla hamjalipa nauli, kaeni chini muulizane: hii likizo ni ya nani?

Msicheke. Baba anataka Krismasi iwakute Moshi kwa wazazi wake. Mama anasema bibi yake wa Tanga hajamwona kitinda mimba. Shangazi wa Mbagala naye ana kinyongo tangu siku ya harusi. Na shule za Uingereza hufungwa kama wiki mbili tu! Mkitaka kumridhisha kila mtu, mtoto wa miaka minne atamaliza likizo kwenye siti ya gari. Atalia, nyie mtanuniana, na wakwe watapata la kusema.

Gawaneni siku mapema. Mwaka huu nendeni upande mmoja, mwakani upande wa pili. Wengine waalikeni waje mlipo. Bibi akipanda boti ya kasi kutoka Dar, kama saa mbili tu yuko Unguja. Halafu tengeni siku tano za watoto ambazo hazigusi mtu. Mbili za mwanzo msipange lolote, maana mtoto aliyetoka kwenye baridi anahitaji muda wa kuzoea joto. Anywe maji kwa wingi, apakwe losheni ya kukinga jua kila baada ya saa mbili, na kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa mchana akae kivulini. Weusi wa ngozi si mwavuli, jamani.

Ufukwe nao una mambo yake. Paje na Jambiani maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, bahari inakwenda mbali kweli. Kuogelea hakuna, lakini kutembea mchangani na kuangalia mashamba ya mwani ni raha tupu. Wavisheni viatu, kuna viumbe wa miiba. Mnaotaka kuogelea karibu saa zote, nendeni Nungwi au Kendwa.

Sasa hili la malaria, nawaomba msilifanyie mzaha. Mtoto aliyezaliwa Ulaya hana kinga nayo. Na wewe uliyekulia Temeke, ukaugua na kupona mara kumi, kinga yako imepungua kwa miaka uliyokaa huko. Usiseme "mimi mwenyeji." Mwoneni daktari wiki nne hadi sita kabla ya safari, awape dawa za kinga kulingana na umri na uzito wa mtoto, na mzimalize hata mkisharudi. Usiku laleni ndani ya chandarua chenye dawa. Mtoto akipata homa baada ya kurudi, hata miezi imepita, mwambieni daktari siku hiyo hiyo kwamba mlikuwa Afrika. Malaria ikicheleweshwa, inaua.

Msisahau pia kwamba tangu Oktoba 2024 Zanzibar imeweka bima ya lazima kwa wageni kutoka nje ya nchi. Kama watoto wana pasipoti za huko, ulizieni kabla hamjafika uwanja wa ndege.

Mwisho ni hili linaloogopwa: nani atawaambia wazee kwamba mwaka huu si zamu yao? Kila mtu awaambie wa kwao. Mzee akinuna kwa neno la mwanawe, kesho atasahau. Likitoka mdomoni kwa mkwe, litasimuliwa mpaka kwenye arusi ya mjukuu.

Safari njema, na mwezi ujao tukutane hapa hapa.