Juma Letu Huanza Jumamosi

Wazee waliotupa majina ya siku walianza kuhesabu baada ya Ijumaa, wakaiita Jumamosi siku ya mosi na Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ikawa ya tano; kwa hivyo siku mbili hizo ambazo ofisi na skuli za leo zinaziita mwisho wa juma, kwa hesabu ya lugha yetu ndizo zinazolifungua. Nalilikumbuka jambo hili Jumamosi moja ya mwezi uliopita, nilipokuwa nimeketi barazani kwetu Tanga na madaftari 80 ya wanafunzi, kazi ambayo siku tano za skuli hazikunipa wasaa wa kuisahihisha, ilhali uani mke wangu, ambaye naye ni mwajiriwa na alirejea Ijumaa jioni akiwa taabani, alikwisha kuloweka nguo za watu sita tangu alfajiri, maji yakali yakitoka bombani.

Adhuhuri ilipoadhiniwa nililifunga daftari la mwisho nikaona kazi yangu imekwisha. Kisha nikamtazama, naye anasuuza beseni la tatu, ncha za vidole zimenyauka kwa sabuni, nazi mbili zimelala kando ya mbuzi zikingoja kukunwa, na kikombe cha chai aliyomiminiwa asubuhi kimefanya utando juu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, imeweka mpaka wa saa 45 za kazi ya kawaida kwa juma, na ikaamuru kwamba mfanyakazi apate kila juma mapumziko yasiyopungua saa 24. Ni sheria yenye insafu, walakin macho yake hukomea mlangoni mwa ofisi: mwajiri adaiye Ijumaa jioni hesabu zinazotakiwa Jumatatu asubuhi huyala mapumziko hayo bila ya kuonekana, na mabeseni ya uani hayamo katika saa zile 45 wala hayatakuwamo. Ndiyo sababu nasema kwamba dhima ya sehemu hii iliyobaki ni yetu sisi wenye nyumba, na hasa sisi wanaume, ambao aghalabu tunapumzika juu ya mgongo wa mtu asiyepumzika.

Sikatai kwamba kazi ya nyumbani ina raha yake. Nguo iliyoanuliwa ingali na joto la jua, ikakunjwa na kupangwa, huituliza nafsi. Raha hiyo lakini huja pale kazi inapofanywa kwa nafasi, si pale viporo vya siku tano vinapomwangukia mtu mmoja asubuhi moja. Wako watakaosema, na aajiriwe dada wa kazi. Vyema, kwa mwenye uwezo. Ila dada huyo naye ni mja mwenye mwili unaochoka, na mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa juu ya wafanyakazi wa majumbani, uliopitishwa mwaka 2011, unampa yeye pia saa 24 mfululizo za kupumzika katika kila siku saba. Kumtwisha yeye mabeseni yote, pasi na siku yake, ni kuihamisha dhuluma kutoka chumba hiki kwenda kile.

Mtoto wa kiume na afundishwe kufua mapema, kama anavyofundishwa kutawadha, na nguo za juma zigawanywe jioni za katikati, japo kidogo kidogo, ili Jumamosi isikute mlima.

Jana, ambayo ilikuwa Jumamosi, tulifua mimi na mwanangu wa miaka kumi na miwili. Mama yake aliketi mkekani na birika la chai ya mchaichai, akatuonyesha namna ya kuikung'uta kanga kabla ya kuitandaza kambani isije ikakauka na makunyanzi, kisha akamimina kikombe cha pili, nacho kilikuwa kikifuka moshi.