Jasho la Mchuma Chai Mbele ya Hakimu

Katika maboma mengi ya Kericho na Bomet, majani chai huchumwa na mke, hubebwa mgongoni mwake hadi kituo cha kupimia, kisha huandikwa kwa namba ya mume. Bonasi nayo huingia katika akaunti ya mume. Maadamu pana amani nyumbani, hakuna alionaye hilo kuwa kasoro. Nyumba ikivunjika ndipo mke atambuapo kwamba miaka ishirini ya kuinamia michai haina hata mstari mmoja katika vitabu vya kiwanda, kiwe cha Litein, cha Kapkatet au cha Mogogosiek.

Nawaandikia walimu na wanafunzi kwa makusudi. Karatasi ya mahakama ifikapo kijijini, aghalabu aitwaye kuisoma ni mwalimu, au mtoto aliye katika shule ya upili. Akiifasiri visivyo, mwenye shauri hupotea njia.

Jambo wasilolijua wengi ni kwamba talaka na mali ni mashauri mawili mbalimbali. Ombi la talaka hupelekwa mbele ya hakimu. Mwombaji hutakiwa kuthibitisha sababu: uzinzi, ukatili, kutelekezwa, au ndoa kuharibika kiasi cha kutotengenezeka tena. Hakimu akiridhika huivunja ndoa, shamba haligawi. Nimewasikia wanawake wakisema kwamba "kesi imekwisha" ilhali iliyohusu michai haijafunguliwa kamwe. Malezi ya watoto, kwa upande wake, hayangojei talaka: Katiba ya 2010 huwapa watoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au la.

Kuhusu mali, sheria imebadilika sana. Kwa miaka mingi mahakama zetu zilitegemea sheria ya Uingereza ya 1882, na mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ilikataa kuhesabu kazi za nyumbani kuwa mchango wa mke. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ikaja kuzitambua kazi za nyumbani, ulezi wa watoto na kazi ya shamba. Hata hivyo, Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba usawa wa wanandoa hauna maana ya nusu kwa nusu papo hapo. Kila mmoja sharti athibitishe alichochangia. Mke katika shauri lile alipata nusu yake, lakini aliipata kwa sababu mchango wake ulionekana.

Basi, mchuma chai ataonyesha nini? Stakabadhi za kupimia zina jina la mume. Yampasa awe na majirani waliomwona shambani, karani wa kituo amjuaye kwa sura, risiti za karo, na vitabu vya mkopo wa sako ikiwa ni mwalimu aliyekopa ili miche ipandwe. Haya yakusanywe mapema, kwa kuwa karatasi hupotea haraka pindi ugomvi uzukapo. Tena sheria hiyohiyo hukataza mali ya ndoa ya mke mmoja kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, na anayehofia hila aweza kuomba zuio katika ofisi ya ardhi.

Hapo ndipo wakili afaapo. Asichaguliwe kwa tai yake wala kwa maneno ya dalali azungukaye langoni mwa mahakama. Awe na cheti cha kufanyia kazi cha mwaka huo, jambo ambalo Chama cha Mawakili huweza kulithibitisha, aandike ada yake kabla ya kuanza, atoe risiti. Nami naongeza kipimo changu: akiahidi talaka na nusu ya shamba kwa ombi moja, aachwe. Asiye na fedha ajaribu FIDA, chama kilichoanzishwa 1985 kuwatetea wanawake.

Wazee wa kokwet siwadharau. Sheria ya Ndoa ya 2014 huruhusu usuluhishi wa kimila kwa ndoa za kimila, na mashahidi wa koito ndio watakaomsaidia asiye na cheti kuthibitisha kwamba aliolewa. Lakini kurudisha ng'ombe hakuivunji ndoa iliyofungwa kanisani. Anayeoa tena kwa kutegemea ng'ombe hao ajitia matatani.

Wapo waume, nao si wachache, waliowakatia wake zao mistari ya michai na kuwafungulia namba zao wenyewe. Mambo haya hayafai kuachiwa hisani ya mtu mmoja mmoja. Viwanda vinavyosimamiwa na KTDA ni vya wakulima, na wakurugenzi wake huchaguliwa na wakulima. Mkutano ujao wa wenye hisa ungeweza kuulizwa swali jepesi: kwa nini daftari la wakulima lisiandikwe majina mawili, la mwenye shamba na la mwenzi wake achumaye?